Kutembea msituni Amani: mwambie mwongozaji akupeleke kwenye mapengo

Wadau habari zenu. Kila wikendi ndefu ikikaribia naona watu wanauliza kama kwenda kutembea msitu wa Amani kule Muheza kunafaa hela na muda, na majibu ni yale yale, pazuri, hewa safi, kuna baridi beba sweta. Mimi nimeenda mara mbili, mara ya kwanza nikarudi na picha, mara ya pili nikarudi na kitu ambacho kimebadilisha hadi maamuzi ya kijijini kwetu, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu. Mwenye haraka achukue hili: nyota tano, chukua mwongozaji mwenyeji wa vijiji vya pale pale, na mwambie mapema kabisa kwamba unataka kuona mapengo ya msitu, yaani pale miti mikubwa ilipoanguka, na namna msitu unavyojiotesha wenyewe. Ukisema hivyo utaona anavyochangamka.

Hiyo mara ya kwanza tulimpata jamaa wa utalii wa mjini, simtaji jina maana sitaki kuharibiana riziki, tukalipa kifurushi kizima, gari likachelewa masaa mawili, tulivyofika tukapelekwa mbio mbio hadi kwenye maporomoko, tukapiga picha, tukala kuku aliyepoa, tukageuza. Nakumbuka nilimuuliza kijana aliyekuwa anatutembeza, mbona pale mbele kuna uwazi mkubwa, jua linapiga hadi chini na miti midogo imejazana hivyo, akanijibu "hapo pameharibika" na safari ikaendelea. Jibu hilo nilikaa nalo miaka karibu minne nikiamini ni kweli.

Kilichonirudisha ni ishu ya nyumbani. Natokea Korogwe, kijijini kwetu tuna kamsitu ka kijiji juu ya chanzo cha maji, na masika ya mwaka jana mvua na upepo viliangusha miti minne mikubwa usiku mmoja, asubuhi watu wanapanda juu wanakuta mbingu iko wazi pale ambapo haijawahi kuonekana. Mimi nipo kwenye kamati ya mazingira. Kikao cha kwanza tu hoja ikawa moja, tufyeke pale pote tusafishe tupande mikaratusi, inakua haraka na nguzo zina soko. Wengine tukasema jamani mikaratusi juu ya chanzo cha maji kweli? Wakasema basi tupande miti ya matunda, mradi pasikae pori. Mzee mmoja tu ndo alisema pale paacheni, msitu unajua kazi yake, na hakuna aliyemsikiliza, hata mimi nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kumtetea nalo. Ndo nikasema wacha niende Amani nikaulize kwa watu wanaokaa na msitu kila siku, nikamchukua binamu yangu na shemeji, tukaenda.

Kwa msiopajua, Amani ni hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 1997, hekta zaidi ya 8,000 kwenye Usambara Mashariki, Mkoa wa Tanga. Kutoka Muheza unaingia barabara ya vumbi mpaka Sigi, pale palikuwa kituo cha reli ya Wajerumani ya kushushia magogo, alafu unaanza kupanda kona kwa kona hadi Amani yenyewe ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902. Ile bustani yao ya mimea bado ipo, na kumbukeni hiyo bustani maana nitairudia huko mbele, mambo mengi yanayoendelea msituni leo yalianzia pale.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa makamo, Msambaa wa hapo hapo, kazaliwa kijiji cha jirani. Tukamsalimia shikamoo, akaitika, akauliza mnataka ndege, mnataka vinyonga au mnataka maporomoko. Nikamwambia mzee mimi nataka pale miti ilipoanguka, kwetu imeanguka na tunataka kupanda mikaratusi. Akanyamaza kidogo akasema, "Mikaratusi. Haya mwanangu, twende nikuonyeshe wapandaji wenyewe."

Pengo la kwanza tulilifikia baada ya kama saa moja ya kupanda. Kabla hujaliona unalihisi, kwa sababu kule chini ya miti mikubwa kuna giza la kijani na ubaridi, yeye anasema mwanga unaofika ardhini pale ni kama asilimia moja au mbili tu ya jua lililoko juu, alafu ghafla uso unapata joto na unaanza kusikia nzi na nyuki. Mti mkubwa unaoitwa mnyasa ulikuwa umelala chini, mizizi imeng'oka na udongo wake, umesimama kama ukuta umepita kichwa cha shemeji na shemeji ni mrefu, na palipokuwa na mizizi pamebaki shimo lenye maji ya mvua. Katika kuanguka ulibeba na mingine mitatu iliyokuwa imefungwa nao kwa kamba za porini, kwa hiyo uwazi ulikuwa mkubwa, ningekadiria kama nusu ya uwanja wa mpira wa shule ya msingi.

Pale alikaa nasi karibu saa nzima na ndo mahali nilipoelewa kwa nini mara ya kwanza niliibiwa muda. Alichota udongo kwenye ule ukuta wa mizizi, mkono mmoja tu, akaupekua kwa kidole kwenye kiganja, akatutolea vimbegu vidogo viwili vitatu, vyeusi, ukivipuliza vinaruka. Akasema hizi zimekaa humu muda mrefu zimelala, ndege alizileta mti huu ukiwa umesimama, na hazikuota kwa sababu zinajua zilikuwa kivulini. Nikamuuliza mbegu inajuaje? Akaeleza vizuri kabisa kwamba majani ya juu yanakula ile sehemu ya mwanga inayofaa, ule mwekundu, kinachoshuka chini ni masalia, na mbegu ya mti wa jua ina uwezo wa kutofautisha, ikipata masalia inabaki imelala, ikipata jua lenyewe, na udongo ukaanza kupata moto mchana na baridi usiku, inaamka. Kumbe miti kama mpesi, mkumba na mkekundu inaanza hivyo. Pale kwenye udongo mwekundu uliofunuliwa na mizizi ilikuwa imejaa, mikumba yenye majani mapana kama sahani na miiba kwenye shina bado ya utoto, mipesi imeshampita mtu urefu, na mnyasa wenyewe ulianguka masika ya mwaka wa juzi tu!

Alafu akatupeleka upande wa pili, kule kwenye kichwa cha mti, matawi yalipoangukia. Kule udongo haukufunuliwa. Miti iliyokuwepo pale haikuota baada ya mti kuanguka, ilikuwepo tangu zamani, miche ya magotini na kiunoni imekaa kivulini inasubiri. Wao wanaiita maotea. Mingine ilivunjwa na matawi ikachipua tena pale pale ilipovunjikia, shina moja vichwa vitatu. Kwa hiyo kwenye pengo moja kuna makundi tofauti yanashindana, kuna mbegu zilizolala udongoni, kuna maotea yaliyokuwa yanasubiri, kuna visiki na mizizi inayochipua upya (akasema kule Usambara Magharibi mkulo unasifika kwa hilo, ukiukata unaibukia mizizini), na kuna mbegu mpya zinazoingia kila siku kwa upepo na kwa matumbo ya ndege na kima. Mnyasa wenyewe mbegu zake ni nyembamba kama karatasi, zina bawa, binamu yangu aliokota moja akairusha, ikaelea ikizunguka hadi ikapotea kwenye majani.

Na hapo hakuna aliyechimba shimo hata moja wala kubeba kopo la maji.

Sasa kitu kilichonigusa kuliko vyote kilikuwa pengo la pili, na ni dogo, wengi mngelipita bila kuliona. Mti mmoja ulikatikia katikati, haukung'oka, ukaacha uwazi wa ukubwa kama wa chumba na sebule hivi. Mzee akaingia ndani akainama akashika mti mwembamba uliofungwa kamba ya katani, rangi ya katani imeshakuwa ya majivu. Ule ni mtambara, mti wa milima yetu hii, jamaa yake kungumanga, ukiukwaruza unatoa maji mekundu kama damu. Akasema kamba hii niliifunga binti yangu alipoanza darasa la kwanza, mche ulikuwa hapa, akaonyesha chini kidogo ya goti. Kila mwaka anapita kuangalia, kamba ikioza anabadilisha. Binti akamaliza darasa la saba, mche ukawa umefika katikati ya paja lake. Miaka saba! Nikafikiri mche ulikuwa unakufa polepole, kumbe ulikuwa unaishi kwa kile kidogo unachopata, haukui lakini haufi. Alafu ule mti wa jirani ukakatika binti akiwa kidato cha pili, sahivi yuko cha nne, na mtambara umempita mzee kichwa, yeye akinyoosha mkono ndo anagusa majani ya juu. Alinifanya nishike ile sehemu ya shina, pale chini vifundo vimebanana ni kama vidole vimekunjwa, na kuanzia pale juu shina limenyooka, nafasi kati ya jani na jani ni upana wa kiganja. Mti una historia yake yote mwilini na unaweza kuisoma kwa kidole.

Hapo kwenye pengo dogo hakuna mpesi hata mmoja na mkumba niliona mmoja tu umenyauka. Akaeleza kwamba uwazi mdogo miti ya jua haipati jua la kutosha, na matawi ya miti ya pembeni nayo yanajisogeza kuziba, kwa hiyo wanaofaidi ni wale waliozoea kivuli kama mtambara na msambu. Pengo kubwa ni la wenye haraka. Ukitaka kujua msitu utakuwa wa namna gani baada ya miaka hamsini angalia ukubwa wa mapengo yake leo na angalia kuna nani chini anasubiri. Hii sentensi niliiandika kwenye simu pale pale.

Sasa ile bustani ya Wajerumani. Katika mamia ya miti waliyoileta kutoka kila kona ya dunia kulikuwa na mmoja ambao Waganda wanauita musizi, kisayansi ni Maesopsis na pale Amani utasikia watu wanasema tu mesopsisi. Asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati hadi Uganda na ile kona ya magharibi ya nchi yetu, siyo Usambara. Ukaletwa kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Ni mti wa mapengo haswa, unakua kwa kasi ya kutisha, ukiwa mdogo na una jua unaweza kupata zaidi ya mita moja kwa mwaka. Kwa miaka mingi ulikuwepo tu, ila kukaja uvunaji wa magogo kwa mashine, miaka ya 1970 hadi katikati ya 1980, matrekta yakafungua barabara na mapengo makubwa makubwa kila mahali, na mesopsisi pia ukapandwa kwa makusudi sehemu zilizovunwa. Mlango ukafunguliwa na mgeni alikuwa ameshasimama nje anangoja. Na wa kumbeba walikuwepo, hondohondo na kima wanalipenda lile tunda lake jeusi kuliko maelezo.

Tulilishuhudia wenyewe. Tumesimama pengo la tatu, eneo la zamani la uvunaji, tukasikia mabawa, na kama hujawahi kusikia hondohondo akiruka juu ya kichwa chako ni sauti kama mtu anakung'uta jamvi, wakatua sita kwenye mesopsisi mmoja mkubwa, wakala, vikaanza kudondoka vijiwe vya matunda, tok tok tok kwenye majani makavu. Mzee akaokota kimoja, kimeshasafishwa nyama yote, akaniwekea mkononi bado kina unyevunyevu, akasema huyu ndo mpandaji, ila hachagui anachopanda.

Pale pengo la tatu alituonyesha miche miwili iliyosimama bega kwa bega, akasema mtanitofautishia. Mmoja majani yanang'aa, ukingo wake una vimeno vidogo kama msumeno butu, umesimama kwa mbwembwe, huo ndo mesopsisi. Mwingine majani magumu, yamekaa mawili mawili yanatazamana, mfupi, huo ni msambu, ule ambao mbegu zake watu wa huku wanakamua mafuta. Msambu una tunda zito la kilo kadhaa, halibebwi na ndege, linaanguka chini ya mama yake na panya buku ndo anakuja kuzibeba mbegu akazifukie mbali kidogo, zile anazozisahau ndo zinaota. Sasa fikiria mashindano hayo, mmoja anabebwa kwa ndege kilomita nyingi mwingine anategemea panya asahau.

Nilimuuliza mzee moja kwa moja, basi msitu umekwisha? Na hapa nampa heshima kubwa sana kwa sababu hakunijibu kwa kunifurahisha wala kunitisha. Akasema miaka ya 1980 wataalamu walihofia mesopsisi utachukua sehemu kubwa ya msitu, na pia majani yake yanaoza upesi, udongo chini yake haukai na tabaka la majani kama chini ya miti ya asili. Lakini tangu uvunaji usimamishwe mapengo makubwa yamepungua, na mesopsisi hauwezi kukua chini ya kivuli chake mwenyewe, mtoto wake akiota chini ya mama anakufa. Wanaokuja kuota chini ya mesopsisi mzee ni hawa hawa wa kwetu, na akatuonyesha, chini ya ule mti wa hondohondo nilihesabu msambu, mtambara na mingine miwili niliyosahau majina. Wataalamu bado hawajakubaliana kabisa na yeye hakujifanya anajua zaidi. Kinachomuuma ni watu kudhani kila kijani ni sawa.

Kuna mgeni mwingine, klidemia, kichaka cha kutoka Amerika, majani yana manyoya na mishipa iliyozama, vitunda vya zambarau iliyokoza. Huyo anakaa chini anatandika kila mahali penye mwanga kiasi na miche inakosa pa kutokea. Mzee kila anapopita anang'oa, anang'oa huku anaongea, nafikiri hata hajui kama anafanya.

Kitu kimoja ambacho sikukitegemea ni mashamba ya zamani ya iliki. Iliki inapenda kivuli, kwa hiyo mkulima anaacha miti mikubwa isimame, anafyeka ya chini yote, anapanda iliki. Ukiwa mbali unaona msitu mzima kabisa. Ukiingia ndani unakuta wazee watupu, hakuna vijana wala watoto, na siku mzee mmoja akianguka hakuna wa kumrithi, pengo linabaki pengo, linaingia nyasi na vichaka. Niliposimama kwenye kipande kimoja cha hivyo kilichoachwa nilijisikia vibaya kwa namna siwezi kueleza vizuri, ni kama kuingia kijiji ambacho shule imefungwa. Na siwalaumu wakulima, iliki ndo imesomesha watoto wengi wa milima hii, hata mzee mwenyewe alisomeshwa na iliki ya baba yake. Ila kwangu ndo ikawa picha ya hatari ya kweli. Kuanguka kwa mti siyo uharibifu, kumalizwa kwa maotea ndo uharibifu, na maotea unayamaliza kwa panga la kusafisha tu, hata bila kukata mti mmoja.

Na usije kudhani msitu lazima urudi popote tu. Binamu yangu aliwahi kufanya kazi Uganda, akasimulia habari za msitu wa Kibale, kuna sehemu zilizovunwa kwa nguvu miaka ya 1960 na miongo mingi baadaye bado ni vichaka vimefunga, tembo wanapenda kuja kula na kukanyaga pale kwenye uwazi, miti michanga haipati nafasi. Mzee akasema ndiyo, hata hapa vipande vidogo vya msitu vilivyobaki katikati ya mashamba ya chai vina shida yake, ndege wanaobeba mbegu wamepungua, kuna miti inazaa matunda yanaozea chini ya mama. Kwa hiyo masharti yapo, lazima kuwe na mama wa mbegu karibu, kuwe na wabebaji, na chini pasiguswe.

Sasa mambo ya huduma yenyewe maana hii ni rivyuu. Malipo ya kuingia yapo ya Mtanzania na ya mgeni, tofauti ni kubwa, beba kitambulisho, na uliza bei za mwaka huo kabla hujapanda maana zinabadilika. Mwongozaji analipwa pembeni na kwa kweli nililipa zaidi ya alichotaja na ningelipa tena. Sisi tulitoka saa moja asubuhi tukarudi saa kumi, kwa mapengo matatu na kile kipande cha iliki, ni mwendo wa kupanda na kushuka na matope, Amani inapata mvua kama milimita 1,900 kwa mwaka kwa hiyo usitegemee njia kavu, raba za mjini ziache nyumbani, vaa buti, soksi ndefu. Bodaboda tuliyopanda siku ya kurudi dereva alibadilisha bei njiani katikati ya mteremko, hilo lilituudhi, patana mpaka mwisho na rudia bei mara mbili kabla hujapanda. Chakula beba chako. Mtandao unakatika ukishaingia ndani, pakua ramani mapema. Kama umekuja kuona simba na twiga hapa siyo mahali pake, utaona mbega ukiwa na bahati, vinyonga, vipepeo, na yale maua ya zambarau ya Usambara ambayo Mjerumani mmoja aliyachukua miaka ya 1890 na sahivi yako madirishani dunia nzima, yanaota kwenye miamba yenye kivuli na mzee alituonyesha yametulia tu pembeni ya maji.

Kasoro upande wa matembezi? Mbili. Hakuna karatasi yoyote ya kuondoka nayo yenye majina ya miche na picha za majani, na kwa mtu kama mimi niliyetaka kwenda kutumia kijijini hicho ndo kilikuwa cha lazima, ikabidi nipige picha kila jani na kuandika jina pembeni hadi chaji ikaisha. Ya pili, ukiwa na watoto wadogo huu mzunguko ni mrefu mno, omba mfupi wa pengo moja tu, lile la mnyasa linatosha.

Niliporudi Korogwe tulikuwa tumebakiza siku tisa kufika siku ya kufyeka. Nilimwomba mwenyekiti kabla ya panga lolote kamati nzima tupande juu, akakubali kwa shingo upande. Tulichukua kamba tukapima hatua mbili kwa mbili pembeni ya mti mmoja ulioanguka, tukapiga magoti, tukaanza kuhesabu, watu saba. Mwanzoni walikuwa wanasema majani haya majani haya, alafu mmoja akasema huu si mshai? Mwingine akasema na huu mvule, tazama. Tulipata miche 41 ya miti kwenye kale kaeneo, ukiondoa kamba za porini na vichaka, na mitatu ilikuwa imeshanipita kiuno. Tukapima mahali pengine katikati ya uwazi, 26, mingi ni mipesi. Kwenye kona moja ambapo watu walikuwa wameshaanza kukata kuni na kupafagia, tulikuta 2.

Yule mzee aliyesema paacheni alikuwa nasi, amekaa kwenye gogo kwa sababu ya magoti, hakusema neno. Kamati imekubali kusubiri misimu miwili ya mvua, mikaratusi imehamishiwa kwenye shamba la shule kule chini mbali na maji, na kazi yetu sasa ni kuzuia mbuzi na kukata kamba pale zinapoikaba miche. Nimefunga katani kwenye mvule mmoja, usawa wa goti. Masika yakiisha nitapanda kuupima.